Masega ya Lori la Vifaranga

Mama Vifaranga alilisikia lori lake kabla hajaliona. Alikuwa ndani ya chumba cha mashine ya kutotolesha, amejifunga kitambaa puani, anawatoa vifaranga kwenye trei na kuwapanga kwenye maboksi, mara vioo vya dirisha vikaanza kutetemeka. Alidhani ni katapila la watu wa barabara. Kisha honi ikalia mara mbili, fupi fupi, honi ya mjomba wake.

Alitoka uani. Lori lile jeupe la tani tatu, ambalo siku zote liliingia kwa adabu kama mgeni aliyechelewa kwenye mkutano, sasa liliingia likinguruma hata majirani wakachungulia juu ya ukuta. Mjomba alilizima, akashuka, akafuta mikono kwa leso, akasimama kando ya mlango kama bwana harusi anayengoja kupigwa picha.

"Umelisikia?" aliuliza.

"Mjomba, mtaa mzima umelisikia. Limepatwa na nini?"

"Halijapatwa na kitu. Limepona."

Mjomba huyu ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, yeye akiwa na miaka saba. Ndiye aliyemsindikiza shule siku ya kwanza, na ndiye aliyekuwa akiliendesha lori tangu biashara ya vifaranga ilipoanza. Kwa hiyo Mama Vifaranga, ambaye wauza chakula cha kuku walimjua kwa ulimi wake mkali, mbele ya mjomba aliukunja ulimi huo akautia mfukoni.

"Lilikuwa linaumwa nini?" aliuliza kwa upole.

Mjomba alieleza, na maelezo yake yalianzia mbali. Wiki iliyopita alikuwa akipanda mlima na magunia ya pumba. Lori la mchanga likampita. Dereva wake, kijana asiye na ndevu, akatoa kichwa dirishani na kupiga kelele: "Mzee, umebeba mayai? Angalia yasianguliwe njiani!" Utingo wake akacheka mpaka akashika paa. Mjomba alikuwa ameendesha magari miaka thelathini na nane. Hakulala vizuri siku tatu.

"Nikaenda kwa Fundi Cheche. Akalala chini ya gari, akagonga gonga, akaniambia, mzee wangu, gari hili ni zima, ila limezibwa pumzi. Tatizo ni masega."

Masega ni kile kichujio kilichomo ndani ya bomba la moshi, chenye vitundu vidogo vidogo kama vya sega la nyuki, ambacho kazi yake ni kuusafisha moshi kabla haujatoka. Mama Vifaranga aliyajua. Jirani yao mwenye teksi aliwahi kuibiwa ya kwake, gari likiwa limeegeshwa mbele ya kanisa.

"Kwa hiyo mkayasafisha."

"Tukayatoa! Na sailensa tukaitoa. Sasa bomba ni moja kwa moja. Cheche anasema tumeongeza nguvu za farasi ishirini, pengine thelathini. Halafu sikiliza hii," alisema mjomba, akashusha sauti kana kwamba anatoa siri ya ukoo. "Hakunitoza hata senti."

Mama Vifaranga alifumba macho.

"Na masega yenyewe yako wapi, mjomba?"

"Nimemwachia. Chuma chakavu kile tungekifanyia nini?"

"Mjomba, masega yana wanunuzi wake. Wanapita mitaani na mizani. Masega yale yana thamani kuliko matairi yetu mawili mapya. Ndiyo maana hakukutoza!"

"Wewe unamwona kila mtu mwizi," alisema mjomba. "Ndivyo ulivyokuwa hata utotoni."

Mama Vifaranga alimpigia Fundi Cheche simu papo hapo.

"Mama, tulia," alisema Cheche, na nyuma yake nyundo zilikuwa zikilia. "Lori lako nimelifungua kifua. Utanishukuru mlimani."

"Sitaki kufunguliwa kifua. Nataka masega yangu. Nalileta sasa hivi uyarudishe."

"Yamekwishaondoka, mama."

"Yameondoka? Yana miguu? Mjomba ametoka kwako saa ngapi?"

"Mtandao unasumbua, mama. Sikusikii."

Mtandao haukuwa na tatizo lolote. Mama Vifaranga alizisikia nyundo vizuri kabisa mpaka simu ilipokatwa.

Siku nyingine angeenda mwenyewe mpaka kwenye gereji ile na kumtolea Cheche uvivu mbele ya wateja wake. Lakini kesho yake vifaranga elfu mbili wa siku moja walitakiwa kufika kwenye shamba la shule ya bweni ya wasichana, mwendo wa saa tatu kutoka pale, kabla ya saa nne asubuhi. Ulikuwa mzigo wa kwanza kwa shule ile. Kuupata aliandika barua tatu na kwenda mara mbili kukaa kwenye benchi nje ya ofisi ya msimamizi wa shamba. Msimamizi, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi, alimwambia wazi: mzigo huu ukifika salama, shule itachukua vifaranga kwake kila baada ya wiki sita. Usipofika salama, wapo wengine wanaoandika barua. Mashine ya kutotolesha ilikuwa ya mkopo, na wateja wa kununua kumi kumi hawangeweza kuilipia.

Alijaribu kutafuta gari jingine. Mwenye pikapu alisema maboksi ishirini hayataenea. Mwenye gari la mikate alisema alikuwa safarini. Mjomba alisikiliza simu zote hizo akiwa amesimama kizingitini.

"Unatafuta gari na mimi nimesimama hapa?"

Mama Vifaranga aligeukia uani. Palikuwa na jogoo mmoja mzee aliyezoea kutembea uani, na jogoo huyo ndiye aliyekuwa akipokea maneno yote ambayo mjomba hakuweza kuambiwa.

"Wewe jogoo," alisema, "una akili nzuri sana, lakini ukiambiwa na mtu kwamba mkia wako ndio unaokuzuia kuruka, utaukata. Tena utamwachia mkia na kumshukuru."

Jogoo alidonoa mchanga. Mjomba alikohoa, akaingia ndani kunywa chai.

Asubuhi walipakia mapema. Maboksi ishirini, kila moja lina matundu ya hewa na vyumba vinne, kila chumba vifaranga ishirini na watano. Waliyapanga katikati ya lori, mbali na ubaridi wa pembeni, wakafunika kwa turubai, wakaacha nafasi ya hewa kwa mbele. Mama Vifaranga alikuwa hasafiri na mzigo siku hizi, lakini siku hiyo alipanda mbele na kukaa. Jambo la kwanza aliloliona ni kipande cha plasta nyeusi kwenye dashibodi.

"Hii ni ya nini?"

"Kuna taa pale. Ilikuwa inasumbua macho."

Aliibandua. Chini yake taa ya injini ilikuwa imewaka, ya rangi ya chungwa, imetulia kama mtu aliyekata shauri.

"Cheche amesema italizoea bomba jipya," alisema mjomba.

"Mjomba, taa haizoei. Inawaka au inazimika."

"Haya, fundi. Tuondoke au tuendelee na masomo?"

Waliondoka. Kwenye tambarare lori lilikwenda vizuri, ila kwa kelele kiasi kwamba walisemezana kwa kupiga ukelele. Watoto wa shule waliziba masikio. Mbwa walilikimbilia, wakaghairi. Mjomba alikuwa anatabasamu, kiwiko dirishani, na kila alipobadilisha gia alimtazama mpwa wake kwa pembe ya jicho ili aone kama anafurahia.

Kisha ukaja mlima.

Gia ya nne ilikufa mara moja. Ya tatu ilijikongoja hadi kona ya kwanza. Wakaingia ya pili, na lori likapanda kwa mwendo wa mtu anayekwenda kudaiwa. Mjomba alikanyaga mafuta mpaka mwisho, injini ikatoa mlio mkubwa wa kutisha, lakini magurudumu hayakuwa na habari. Mwendesha baiskeli aliyekuwa ameshuka na kuisukuma baiskeli yake alitembea sambamba nao kwa muda, akaangalia ndani kwa huruma, akawapita.

"Wale farasi thelathini," alisema Mama Vifaranga kwa sauti ya juu, "wamebaki gereji?"

"Linavuta pumzi! Likishavuta utaona!"

Hakuona. Alichokiona ni kichwa kuanza kumuuma, juu ya jicho la kulia. Palikuwa na harufu ya petroli. Alifungua dirisha lote. Akatega sikio nyuma, kwenye kidirisha kidogo kilicho nyuma ya viti, na hapo ndipo alipotambua kilichokuwa kikimsumbua tangu watoke nyumbani.

Mtu wa vifaranga hubeba mzigo wake kwa masikio. Hana haja ya kufunua turubai kila mara. Vifaranga waliotulia hulia chini chini, kama maji yanayochemka kwa moto mdogo. Wakipata baridi hupandisha sauti, wakipata joto hupandisha zaidi na kuikatakata. Miaka ya nyuma, mjomba na yeye walikuwa wakisafiri wakisikiliza ile sauti nyuma yao, na kulingana nayo walisimama, walifunua au walifunika. Leo hakuwa amesikia kitu tangu asubuhi isipokuwa bomba.

"Simama, mjomba."

"Mlimani? Nikisimama hapa kuondoka itakuwa—"

"Simama! Zima gari!"

Ilikuwa mara ya kwanza maishani kumfokea mjomba. Mjomba alisimama, akavuta breki ya mkono, akazima.

Kimya. Upepo ulisikika, na chuma cha moto kikilia ti, ti, ti chini ya lori. Nyuma, hakuna sauti. Vifaranga elfu mbili hawanyamazi. Hata wakilala, wapo wasiolala.

Mama Vifaranga aliruka chini bila kufunga mlango. Alipofungua turubai, moshi ulimpiga usoni, moshi mzito, wa moto, unaowasha macho. Alivuta boksi la kwanza na kulifunua. Vifaranga walikuwa wamelala wametandaza mabawa, midomo wazi. Mmoja alijaribu kusimama, akaanguka juu ya mwenzake.

Alivuta boksi, akalipeleka kando ya barabara kwenye nyasi, akarudi mbio. Mjomba naye alikuwa ameshafika. Waliyateremsha maboksi yote ishirini, wakayafunua, wakayapanga mbali na lori upande upepo unakotoka. Mama Vifaranga alipita boksi kwa boksi, akiwageuza, akiwapepea kwa kanga yake. Alitenga waliokufa. Baada ya robo saa, sauti moja ilisikika. Kisha nyingine kwenye boksi la mbali. Polepole ile sauti ya maji ya moto mdogo ilianza kurudi, dhaifu, yenye mapengo.

Ndipo alipolala chini na kuingia uvunguni mwa lori. Hakukaa huko muda mrefu. Alipotoka, mashavu yake yalikuwa na masizi.

"Mjomba, bomba linaishia wapi?"

"Cheche alilikata kidogo. Alisema moshi ukitoka karibu, injini haichoki kuusukuma."

"Linaishia chini ya mbao za sakafu. Katikati ya lori! Limetazama juu! Mbao zimekuwa nyeusi kama chungu. Umewapikia vifaranga moshi saa nzima, na mimi nimekaa mbele nakusikiliza unavyobadilisha gia!"

"Mwanangu—"

"Usiniite mwanangu sasa hivi. Mimi ni mwenye mzigo. Mwenye mzigo anakuuliza: gari hili lilikuwa na tatizo gani? Lilikuwa halifiki? Siku gani halikufika? Kijana mmoja amekucheka mlimani, kijana hata humjui jina, ukachukua gari linalotulisha ukalipeleka likakatwe. Angekucheka viatu ungekata miguu?"

Mjomba aliangalia maboksi. Aliangalia mikono yake.

Kisha akavua shati, akachukua spana kwenye kisanduku, akaenda nyuma ya lori na kuanza kulifungua bati la kukinga tope la gurudumu la kushoto.

Kazi ile ilichukua zaidi ya saa mbili. Alilikunja bati kwa kuligonga juu ya jiwe mpaka likawa kama mfereji ulioviringwa, akaingia chini, akalivika kwenye mdomo wa bomba na kulikaza kwa waya, ili moshi utoke pembeni, nje kabisa ya mbao. Alijiunguza kiganja mara mbili. Mara ya pili alitoa neno ambalo Mama Vifaranga hakujua kama mjomba analijua. Yeye alikuwa akimpa waya na kumkemea bila kupumzika: si hapo, mjomba, zungusha, waya mwingine, hapo patavuja. Bati lilipasuka kwenye mkunjo, wakaanza upya na bati la kulia.

Walipowasha, Mama Vifaranga alitanguliza boksi moja tu ndani, akakaa nalo yeye mwenyewe chini ya turubai kwa dakika tano, akinusa na kusikiliza. Kisha akapakia mengine.

Safari iliyobaki ilimchosha kuliko kutembea kwa miguu. Kila baada ya dakika kumi walisimama, wakazima, wakasikiliza, wakawasha. Mara mbili bati lilichomoka. Mara moja lori lilikataa kuwaka, na mjomba akalibembeleza kwa maneno matamu ambayo, kwa maoni ya Mama Vifaranga, angeyaweka akayatumia kwa watu. Walifika kwenye geti la shule saa nane mchana badala ya saa nne asubuhi.

Msimamizi wa shamba alikuwa amesimama nje na daftari kifuani.

"Nimewasikia tangu mlipokuwa darajani," alisema.

Walipeleka maboksi kwenye banda, na msimamizi akawahesabu vifaranga mwenyewe. Sitini na tatu walikuwa wamekufa. Alimchukua mmoja aliye hai, akamweka kiganjani, akamwangalia macho, akamnusa.

"Ananuka petroli."

"Ni joto la njiani, mama," mjomba alianza. "Siku hizi jua—"

"Si joto," alisema Mama Vifaranga. Alikuwa amechoka mno kutafuta maneno mazuri. "Ni moshi wa gari letu. Bomba lilikatwa vibaya, na mimi nililiona limebadilika nikaondoka nalo hivyo hivyo. Waliokufa usiwalipie. Na watakaokufa wiki hii usiwalipie."

Msimamizi alimrudisha kifaranga kwenye chumba chake. Aliwasikiliza. Sasa walikuwa wamezinduka, wamenusa chakula, na banda lilikuwa limejaa sauti yao.

"Vifaranga ni wazuri," alisema mwishoni. "Wengine waliwahi kuniletea wasiosimama hata bila moshi. Nitaendelea kuchukua kwako. Lakini lori lile lisikanyage hapa tena. Kila wiki sita nitatuma lori la shule lije kwako."

Alisaini hati ya mzigo. Mama Vifaranga aliipokea kwa mikono miwili, akaketi juu ya boksi tupu. Alipotazama mlangoni, mjomba hakuwepo. Alikuwa amesikia. Safari ile aliyokuwa akiihesabu kuwa yake imekwenda kwa mtu mwingine, na ametoka bila kuaga.

Alimtafuta kwa macho kupitia waya wa dirisha. Mjomba alikuwa amesimama kando ya lori, kiganja amekifunga leso. Mbele yake alisimama dereva wa shule, mwanamume mnene mwenye ovaroli safi, na kando yao lilikuwa lori la shule lenyewe, jipya, kubwa kuliko la kwao, lililokuwa likiunguruma kidogo sana hata usingejua kama limewashwa. Dereva alikuwa akilionyesha kwa kidole bomba la mjomba, anacheka, anapiga paja. Mama Vifaranga hakusikia yote, lakini alisikia ya kutosha.

"Mzee, ule ndio mlio wa gari! Hili langu kama cherehani. Nani alikufanyia? Nipe namba yake."

Mama Vifaranga aliondoka pale alipoketi, boksi likapinduka. Alipita katikati ya banda akiruka sinia za maji, akatoka mlango wa nyuma, akazunguka kona mbio kama mtu anayewahi mtoto kisimani. Wiki sita kutoka leo vifaranga wake watakuwa ndani ya lori lile. Na kati ya vifaranga hao na Fundi Cheche alikuwa amesimama mtu mmoja tu, naye ni mjomba.

Alifika akihema. Mjomba alikuwa ameshika mkanda wa suruali, ametunisha kifua, na anaongea kwa sauti aliyokuwa akiitumia kuwafundisha watu mambo.

"Namba ya nini, kijana? Usiguse gari hilo! Kutoa masega ni ujinga mtupu. Nguvu haziongezeki, zinapungua. Taa inawaka, mafuta yanaisha, moshi unaingia kwenye mzigo. Lala hapo chini uone mbao zilivyoungua. Mimi na miaka yangu thelathini na nane barabarani, nilimwambia fundi tangu mwanzo: masega yasitolewe! Lakini vijana wa siku hizi, ukiwaambia wanasikia?"

Dereva wa shule aliacha kucheka. Alipiga goti, akachungulia uvunguni, akatikisa kichwa.

"Kwa hiyo alitoa bila ruhusa yako?"

"Akatoa!" alisema mjomba, na wakati huohuo akamwona mpwa wake. Macho yao yalikutana. Hayakuonyesha aibu hata kidogo. Yalikuwa yanangoja.

Maneno yote ya mlimani yalirudi kinywani mwa Mama Vifaranga, na mengine mapya juu yake. Aliyatafuna. Dereva wa shule bado alikuwa amepiga goti, anagusa masizi kwa kidole, uso wake umebadilika kabisa.

"Ni kweli," alisema Mama Vifaranga, kwa shida kama mtu anayemeza mfupa. "Mjomba alikataa tangu mwanzo."

"Umeona?" mjomba alimwambia dereva. "Hata yeye anajua."